Nani Alipie Kitanda Kitupu: Historia ya Kuweka na Kufuta Nafasi Hotelini

Chumba cha hoteli hakiwekwi akiba. Kikilala kitupu usiku wa Jumanne, usiku huo hauuziki tena Jumatano. Umekwenda na pesa yake. Ndiyo maana mtu akiahidi kufika kisha asitokee, hasara ipo tu, na lazima imwangukie mmoja: mwenye hoteli, mgeni, au wakala aliyesimama kati yao. Masharti marefu yanayoandikwa leo chini ya risiti za hoteli, kuhusu siku ya mwisho ya kufuta nafasi, malipo ya awali na pesa zisizorudi, ni majibu tofauti ya swali hilo moja. Majibu hayo hayakutungwa na watu wa hoteli peke yao. Yalitoka pia kwa majaji, kampuni za simu, benki, mashirika ya ndege na, zaidi ya mara moja, kwa maradhi.

Kwa karne nyingi swali lenyewe halikuwapo, kwa kuwa habari haikusafiri haraka kuliko msafiri. Mtu alifika ndipo ikajulikana kuwa anakuja. Katika pwani ya Afrika Mashariki mgeni wa biashara alipata malazi kupitia mwenyeji, na Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuendelea hadi Mombasa na Kilwa, ameacha maelezo mazuri ya jinsi mambo yalivyokwenda. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmojawapo sahani yake na kumtangaza kuwa mgeni wake, na mfanyabiashara huyo hakushukia kwingine ila kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikwisha kuuzoea mji na kuwa na watu wake. Malazi hayakuwa na bei. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizozihitaji, na biashara iliyofanywa bila yeye kuwapo ilihesabiwa batili. Kitanda kililipiwa na faida ya soko, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kufuta.

Uingereza nayo ilikuwa na utaratibu wake, na huo ndio uliokuja kuathiri sheria za nchi nyingi zilizotawaliwa nayo. Mahakama za huko zilimtazama mwenye nyumba ya wageni kama mtu mwenye wajibu kwa umma mzima: maadamu ana nafasi, na msafiri ana uwezo wa kulipa na hali yake ni ya kuridhisha, hana ruhusa ya kumkataa. Mwaka 1835 mwenye nyumba ya wageni wa mji wa Chepstow alitiwa hatiani kwa kumnyima chumba msafiri aliyebisha hodi usiku mkubwa. Kuchelewa kwa mgeni hakukuwa utetezi. Nyumba za wageni, kwa maoni ya mahakama, zipo hasa kwa ajili ya waliochelewa.

Kanuni hiyo ni ya utu, lakini ina tabu moja. Inampa haki aliyesimama mlangoni, si aliyeandika barua. Mwenye nyumba anayemshikia chumba mtu ambaye bado yuko njiani anamnyima yule aliyekwisha kufika na mzigo wake begani. Mpaka leo sheria ya Uingereza ya mwaka 1956 kuhusu wenye hoteli inaieleza hoteli kuwa ni mahali panapompokea msafiri yeyote anayejitokeza, bila mkataba maalumu. Kuweka nafasi ndio mkataba maalumu wenyewe. Ni ghorofa iliyojengwa juu ya nyumba ya zamani, na nyufa nyingi zilizoonekana baadaye zilitokea pale viwili hivyo vinapokutana.

Reli ndiyo iliyoanza kuibadilisha hali hiyo. Treni moja ilishusha watu wengi kwa saa moja kuliko farasi na magari ya kukokotwa kwa siku nzima, na watu hao waliijua saa ya kufika kabla hawajaondoka kwao. Thomas Cook, aliyeanza mwaka 1841 kwa kuwapeleka wanaharakati wa kupinga ulevi kutoka Leicester hadi Loughborough, alianza mwishoni mwa miaka ya 1860 kuuza kuponi za hoteli. Msafiri alilipa kwa Cook, akabeba kuponi, akaitoa hotelini huko Ulaya bara, na hoteli ikadai pesa zake kwa Cook. Kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa, mgeni alilipia kitanda ambacho hajakiona kwa mtu asiyekimiliki. Huyo mtu wa kati amekuwapo tangu hapo. Majina yake tu ndiyo yamekuwa yakibadilika, na hata jina la Cook lenyewe, lililodumu miaka 178, liliporomoka Septemba 2019 likiwa na maelfu ya wasafiri ambao bado walikuwa hotelini.

Telegrafu ilifanya jambo ambalo reli haikuweza: chumba kikaweza kuombwa, kukubaliwa na kufutwa ndani ya siku moja, mgeni akiwa nchi nyingine. Kasoro yake ilikuwa gharama, kwa sababu telegramu ililipiwa kwa neno. Hoteli za Ulaya zikaafikiana juu ya maneno ya siri nafuu, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 yalichapishwa kwa ajili ya wasafiri. *Alba* ilimaanisha chumba kimoja chenye kitanda kimoja. *Arab*, chumba kimoja chenye vitanda viwili. *Bat*, bafu la peke yake. Kulikuwa na maneno ya saa ya kufika, *matin* kwa asubuhi na *gransera* kwa usiku, na neno *pass* kwa anayelala usiku mmoja tu. Ndani ya orodha hiyo hiyo lilikuwamo neno *anul*, la kufuta kila kitu. Waliobuni namna ya kuweka nafasi walijua tangu siku ya kwanza kwamba watu watazivunja, ila kuhusu nani alipe likitumwa neno hilo, orodha haikusema kitu.

Mahakama zililazimika kulijibu swali hilo mwaka 1902, na chanzo kilikuwa tumbo la mfalme. Kutawazwa kwa Edward VII kulipangwa kufanyika London tarehe 26 Juni, na maandamano ya kifalme yalikuwa yapite katika barabara kuu siku hiyo na siku iliyofuata. Kila mwenye dirisha linalotazama njia hiyo alilipangisha kwa bei ya kuruka. Mtu mmoja aitwaye Henry alikodi kwa bwana Krell vyumba vya mtaa wa Pall Mall kwa mchana wa siku hizo mbili, bila usiku, kwa pauni 75, akatanguliza pauni 25. Tarehe 24 Juni mfalme akapasuliwa kwa ugonjwa wa uvimbe karibu na kidole tumbo, na sherehe ikaahirishwa hadi Agosti, alipotawazwa.

Vyumba vilikuwapo, madirisha yalikuwapo, barabara ilikuwapo. Kilichokosekana ni mfalme. Henry akakataa kulipa pauni 50 zilizobaki, Krell akashtaki, na mwaka 1903 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba msafara ule ulikuwa msingi wa mapatano yenyewe ijapokuwa mkataba haukuutaja. Msingi ukianguka bila kosa la yeyote, hakuna anayedaiwa kuendelea. Hukumu hiyo bado inafundishwa katika vitivo vya sheria kutoka Dar es Salaam hadi Toronto. Lakini ilikuwa na uchungu uliojificha. Madai ya kurudishiwa zile pauni 25 yaliachwa njiani, na katika kesi nyingine ya mwaka uliofuata mpangaji wa chumba aliyekuwa amelipa pauni 100 kati ya 141 aliamriwa kumalizia deni lote, kwa kuwa tarehe ya kulipa ilifika kabla sherehe haijaahirishwa. Hasara ilikaa pale ilipokutwa na tukio. Aliyelipa kamili alipoteza kamili, na aliyechelewesha malipo akapona.

Ni vigumu kusema kwamba huo ni uadilifu, na Waingereza wenyewe walikuja kuukataa: Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, lilibadilisha msimamo mwaka 1942, na sheria ya Bunge ya mwaka 1943 ikaruhusu pesa zilizotangulizwa kurudishwa baada ya kukata gharama halali. Tanganyika ilifuata njia nyingine kufikia karibu mahali hapo hapo. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo Tanzania inaitumia hadi sasa, ilijengwa juu ya ile ya India ya mwaka 1872, inayotamka kwamba mapatano yakibatilika, aliyepokea faida chini ya mapatano hayo airudishe au aifidie. Hata hivyo somo la 1902 lilikuwa limekwisha kuingia katika biashara. Mwenye chumba aliyekwisha kushika pesa ana nguvu kuliko mwenye kushika ahadi, na kama mkataba unasema wazi nani abebe hasara, jaji ana nafasi ndogo ya kuingilia.

Juu ya pesa hizo za kutanguliza, wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wamejadiliana karne nyingi kabla ya London. Arbuni, yaani kiasi anachotoa mnunuzi kushikilia kitu kwa sharti kwamba asipokichukua kiasi hicho kibaki kwa mwuzaji, ilikataliwa na wanazuoni wengi wa madhehebu ya Maliki, Hanafi na Shafi, kwa hoja kwamba mwuzaji anachukua mali bila kutoa kitu. Wafuasi wa Ahmad ibn Hanbal waliiruhusu. Walitegemea habari ya gavana wa Khalifa Umar huko Makka aliyenunua nyumba ya Safwan ibn Umayya iwe gereza, kwa sharti kwamba Umar asiporidhika Safwan abaki na dirhamu 400. Pwani ya Waswahili, yenye Washafi wengi, ilirithi upande wa wanaokataa. Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu liliikubali arbuni ikiwa muda wa kusubiri umewekwa wazi, na sharti hilo la muda ndilo linalofanana zaidi na masharti ya hoteli za sasa: mgeni hanunui chumba peke yake, ananunua pia siku kadhaa za mwenye hoteli kukataa wengine.

Upo upande wa historia hii ambao vitabu vya biashara huupita haraka. Nafasi iliyowekwa haikuvunjwa na wageni tu. Hoteli nazo zilivunja. Mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji maarufu wa kriketi kutoka Trinidad, aliweka nafasi ya siku nne katika Imperial Hotel ya London kwa ajili yake na familia yake na kutanguliza malipo. Alipofika aliambiwa atalala usiku mmoja tu, kwa kuwa wageni Wazungu kutoka Marekani wasingependa kumwona mtu mweusi pale. Alishinda kesi mwaka 1944. Fidia ilikuwa ndogo mno, gini tano, na jaji hakuitegemea risiti yake ya malipo. Alitegemea ule wajibu wa kale wa kumpokea kila msafiri. Nchini Marekani kwenyewe, Victor Hugo Green, aliyechapisha tangu 1936 kitabu cha mwongozo kwa madereva weusi, alianzisha mwaka 1947 huduma ya kuwawekea wasomaji wake nafasi katika nyumba zitakazowapokea. Kwa wasafiri hao, kujua kabla ya kuondoka kwamba kitanda kipo lilikuwa jambo la usalama wa maisha.

Kufikia miaka hiyo hoteli za Marekani zilikuwa zimekwisha kuanza kuwa viwanda. Ellsworth Statler alifungua hoteli ya Buffalo mwaka 1908 yenye bafu katika kila chumba kwa dola moja na nusu, na nyumba yenye mamia ya vyumba vinavyofanana haiwezi kuendeshwa kwa kumbukumbu ya karani. Mwaka 1947 kundi la Western Hotels, lililokuja kuitwa Westin, liliziunganisha hoteli zake kwa mashine za teleksi ili hoteli moja iweze kuuza chumba cha nyingine. Sheraton walileta mtambo wa kielektroniki mwaka 1958. Holiday Inn, iliyoanzia kando ya barabara ya Memphis mwaka 1952 kwa juhudi za Kemmons Wilson, ilizindua mwaka 1965 mfumo wa kompyuta uitwao Holidex, na miaka michache baadaye Sheraton wakatoa nambari moja ya simu isiyomtoza mpigaji. Kuweka nafasi kukawa rahisi na bila gharama. Kuweka mbili au tatu kwa usiku mmoja kukawa rahisi vilevile.

Hapo ndipo ilipoenea desturi ya saa kumi na mbili jioni. Chumba kilichoombwa kwa simu bila malipo kilishikiliwa mpaka saa hiyo. Ikipita, karani alikuwa huru kumpa mtu yeyote aliyesimama kaunta. Desturi hiyo ilikuwa ya haki kwa namna yake. Hoteli ya mjini au ya barabara kuu ina wapita njia, na saa kumi na mbili bado giza halijawazuia kutafuta mahali pa kulala. Hakuna aliyelipa faini. Wapo waliopata tabu, hasa msafiri ambaye gari lake liliharibika njiani akafika saa mbili usiku na kukuta jina lake limefutwa daftarini.

Kadi ya mkopo ndiyo iliyomwokoa huyo, na ikamfunga papo hapo. Diners Club ilianza mwaka 1950, na kadi za benki zikafuata kuanzia 1958. Mgeni aliyetoa nambari ya kadi alihakikishiwa chumba usiku kucha, hata akifika alfajiri. Asipotokea bila kutoa taarifa kwa wakati, kadi ilitozwa gharama ya usiku mmoja. Kampuni za kadi ziliibebesha hoteli upande wa pili wa mzani: ikikosa chumba cha mgeni aliyehakikishiwa, imtafutie kingine cha hadhi hiyo au zaidi mahali pengine, igharimie usiku wa kwanza na usafiri wa kumfikisha. Kwa hiyo masharti ya kwanza yanayofanana na haya ya leo yaliandikwa na wakopeshaji, wala si na wenye vitanda.

Sharti hilo la pili lilihitajika sana, kwa sababu hoteli zilikuwa zimejifunza kuuza vyumba visivyokuwapo. Hesabu yake ni nyepesi. Hoteli ya vyumba 100 ikijua kwa uzoefu kwamba wageni 8 kati ya 100 hawatokei, ikauza 106, kwa siku nyingi itajaza nyumba bila mtu kujua. Siku watu wote 106 wanapotokea, sita wanapelekwa kwingine kwa teksi. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya jimbo la Hawaii iliamua kesi ya watalii waliofika Waikiki na nafasi zao mkononi, wakakuta hoteli ya Outrigger imejaa na wao wanahamishiwa hoteli ya hadhi ya chini. Mahakama ilikubali kwamba walistahili kulipwa zaidi ya tofauti ya bei: usumbufu na fadhaa ya mtu aliyevuka bahari kwa likizo navyo vina thamani. Pamoja na hayo, uuzaji wa kupita idadi haukukoma. Ulipata tu gharama inayojulikana, na kitu chenye gharama inayojulikana huingizwa katika bajeti.

Mapinduzi yaliyofuata yalitoka angani. Baada ya Marekani kuyaachia mashirika ya ndege yajipangie bei mwaka 1978, American Airlines chini ya Robert Crandall iligundua kwamba kiti kimoja kinaweza kuuzwa kwa bei kadhaa kwa watu tofauti, na kwamba njia bora ya kuwatenganisha watu hao ni masharti. Mfanyabiashara hajui ratiba yake, kwa hiyo atalipa zaidi ili awe huru kubadilisha. Familia inayokwenda likizo inajua tarehe yake miezi kadhaa kabla, kwa hiyo itakubali tiketi nafuu ambayo pesa zake hazirudi. Marriott waliichukua hekima hiyo wakaihamishia kwenye vyumba, na hoteli nyingine zikafuata. Kuanzia hapo uhuru wa kufuta ukawa bidhaa inayouzwa pamoja na kitanda. Chumba kile kile, shuka zile zile, kikawa na bei mbili, na tofauti kati yake ni ada ya bima ambayo wageni wengi hawajui kwamba wanailipa.

Intaneti iliivuruga biashara hiyo iliyopangwa vizuri. Mwaka 1996 ulizaa Expedia ndani ya Microsoft na, nchini Uholanzi, kampuni ndogo ya Geert-Jan Bruinsma iliyokuja kuwa Booking.com, ambayo Priceline ya Marekani iliinunua mwaka 2005. Njia zao za pesa zilitofautiana. Expedia zaidi ilichukua malipo mapema kwa mgeni na kuilipa hoteli baadaye. Waholanzi walimwacha mgeni alipe akifika, wao wakadai kamisheni yao kwa hoteli baada ya mgeni kulala. Mfumo huo wa pili haukuwa na sababu ya kumbana mgeni, na kufuta bure kukawa chambo cha kumvuta. Watu wakazoea kushika hoteli tatu za mji mmoja, kuzilinganisha kwa wiki kadhaa, na kuziacha mbili usiku wa mwisho. Kisha zikaja huduma zilizofuatilia bei kila siku, na ikishuka zikaifuta nafasi ya zamani na kuweka mpya kwa niaba ya mteja.

Kampuni kubwa zilijibu kwa kurudisha ukuta. Mwaka 2015 Marriott na Hilton ziliacha ile desturi ya saa kumi na mbili jioni na kudai taarifa siku moja kabla. Mwaka 2017 zikaenda saa 48, na baadhi ya hoteli za Hilton saa 72. Wabunge nao hawakuwa wepesi kumtetea mgeni. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo bila kueleza sababu, lakini inayaondoa waziwazi malazi ya tarehe maalumu, kwa hoja ile ile ya usiku usioweza kuuzwa mara ya pili. California ilikata shauri la kati: tangu Julai 2024, nafasi iliyowekwa saa 72 au zaidi kabla ya kufika inaweza kufutwa bila adhabu ndani ya saa 24 za kwanza.

Afrika Mashariki imelipokea jambo hili kwa sura yake, na kinachoitofautisha ni umbali. Treetops ya karibu na Nyeri, iliyofunguliwa mwaka 1932 juu ya mti wa mkuyu, ilianza na vyumba viwili tu, na mgeni hakuweza kujitokeza hapo usiku. Alipitia kwanza hoteli ya Outspan na kupelekwa na mwindaji mwenye bunduki. Hali ni hiyo katika kambi na loji za Serengeti au Masai Mara hadi sasa. Hakuna mpita njia atakayebisha hodi saa kumi na mbili jioni, wakati lango la hifadhi limefungwa na simba wametoka. Chumba kilichofutwa siku tatu kabla ya Agosti, msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara, hakipati mtu mwingine, hata kama mamia walikitamani miezi sita iliyotangulia. Ndiyo sababu loji huweka ngazi ndefu ambazo mgeni wa hoteli ya mjini huona ni za kikatili: malipo ya awali, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, yanapotea mapema, nusu ya gharama inapotea zikibaki wiki kadhaa, na ndani ya mwezi wa mwisho zinapotea zote. Ukali wa sharti hufuata muda unaohitajika kupata mgeni mwingine, si tabia ya mwenye loji.

Kati ya loji na mgeni kuna wakala wa utalii, na hapo mambo hufanywa kwa mgao. Hoteli humtengea wakala vyumba kadhaa kwa msimu mzima bila kulipwa, na kumwekea tarehe ya kurudisha ambavyo hajaviuza. Wakala akirudisha siku ya mwisho, hasara ni ya hoteli; akipitiliza, ni yake. Utaratibu huu ulishika mizizi pamoja na utalii wa ndege za kukodi katika fukwe za Mombasa, Diani na Malindi tangu miaka ya 1970, na umefanya hoteli za pwani zitegemee maamuzi yanayofanywa mbali nazo sana. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kuvunjika, safari zilizouzwa Nairobi kwa ajili ya Serengeti na Ngorongoro zilikatika, na loji ambazo serikali ya Tanzania ilikuwa imezijenga miaka michache tu kabla zikabaki zikisubiri hadi mpaka ulipofunguliwa tena Novemba 1983.

Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya safari zisizo za lazima Mombasa na ukanda wa jirani, na kampuni za Thomson na First Choice zikawaondoa wateja wao na kufuta ndege hadi Oktoba. Kwa mteja wa Uingereza jambo lilikuwa jepesi, kwani sheria za Ulaya kuhusu safari za mkupuo, zilizoanza mwaka 1990, zinamlazimisha mwandaaji wa safari kurudisha pesa anapoifuta mwenyewe. Hazikusema lolote juu ya mpishi, mfua nguo na mwuza vinyago wa Diani. Karatasi ya serikali ya kigeni, isiyokuwa sehemu ya mkataba wowote na hoteli, ilitosha kuhamisha hasara yote hadi ufukweni.

Mwaka 2020 ulirudia hadithi ya mfalme Edward kwa dunia nzima. Kenya ilizuia ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi na kuzifungua 1 Agosti; Tanzania ilizizuia tarehe 12 Aprili na kuzifungua 18 Mei. Wageni walitaka pesa zao, wakati loji zilikwisha kuzitumia kwa mishahara, mafuta na matengenezo ya msimu. Masharti yaliyoandikwa yalikuwa upande wa loji, lakini kuyasimamia kikamilifu kungeua jina la biashara. Nyingi zilichagua njia ya tatu, kuahirisha: pesa zibaki, tarehe isogezwe mwaka mmoja au miwili mbele, bei isipande. Kufika 2022 loji kadhaa zilikuwa zinawalaza wageni waliolipa zamani huku zikinunua chakula na dizeli kwa bei mpya.

Katika gesti za miji ya kawaida, mbali na watalii, historia imekwenda kwa njia fupi zaidi. Mpaka miaka ya karibuni nafasi iliwekwa kwa mdomo, kupitia jamaa au simu ya mapokezi, na mgeni akichelewa chumba kilikwenda kwa mwingine. Saa kumi na mbili jioni ya Memphis ilikuwapo Singida bila mtu kuiandika. M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, iliiweka arbuni katika simu ya kila mtu. Bunge linapoketi Dodoma, au chuo kikuu kinapofanya mahafali, mwenye gesti anayepigiwa simu huomba atumiwe kitu kidogo cha kushikia chumba. Stakabadhi haiandikwi. Ujumbe wa simu wenye kiasi, saa na jina la mpokeaji ndio mkataba mzima, na masharti ya kufuta hujadiliwa pale tu mgeni anapopiga tena kusema kwamba haji.